Panga Kabla ya Kukariri: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mtahiniwa, orodha ya msamiati haikushindi kwa urefu. Inakushinda kwa sababu umeiacha shaghalabaghala. Mwaka 1969, Gordon Bower na wenzake waliwapa watu maneno 112. Waliopewa maneno yaliyopangwa kimatawi (madini, kisha metali na mawe, kisha aina zake) walikumbuka kama asilimia 65 katika jaribio la kwanza. Waliopewa maneno yaleyale yakiwa yamevurugwa hawakufika asilimia 20.

FANYA

1. Panga kwanza. Fidia, mahari, ujira, faini, fola: ukiyasoma hivyo, umejitakia. Yagawe: malipo ya kazi (ujira, marupurupu, kiinua mgongo), ya mahakamani (faini, fidia, dhamana), ya jadi (mahari, fola, kilemba).

2. Kariri kichwa cha kila kundi. Mwaka 1966, Endel Tulving na Zena Pearlstone walionyesha kwamba watu waliopewa majina ya makundi wakati wa kujibu walikumbuka maneno mengi kuliko walioachiwa karatasi tupu. Neno halikuwa limepotea. Lilikosa wa kuliita.

3. Kundi likinenepa, ligawe tena.

4. Funga daftari, andika vichwa peke yake, kisha jaza. Kichwa kitakachobaki kitupu ndicho kazi yako ya leo.

USIFANYE

1. Usitegemee alfabeti. Kamusi hupangwa hivyo ili neno litafutwe upesi. Fidia na fola zina herufi moja ya kwanza, lakini moja ni ya aliyedhuriwa na nyingine ni ya kumtazama mtoto mchanga.

2. Usinakili makundi ya mwenzako usiyoyaelewa. Mpangilio usio na maana kwako ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

3. Usifungue kundi la "mengineyo". Hilo ni jalala. Neno lisilo na kundi litafutie jirani, au likariri peke yake.

4. Usiandike neno kwa kuwa tu linafanana na kundi. Mwaka 1995, Henry Roediger na Kathleen McDermott waliwasomea watu maneno yanayohusiana na usingizi, kama kitanda na ndoto. Wengi walidai wamesikia "usingizi", neno ambalo halikutajwa kabisa. Kundi hukuitia maneno, na mara nyingine huita lisiloalikwa. Likague kabla ya kuliandika.

Leo usiku usisome ukurasa mpya. Chukua orodha uliyokwisha kuikariri ikakuponyoka, uipange.