Somo la Juma: Je, Kipigo Huleta Ukweli?

Soma: Matendo 22:22–30, 23:26–30



Paulo alipokamatwa Yerusalemu, jemadari wa Kirumi hakujua kosa lake. Akaamuru aingizwe ngomeni na kuhojiwa kwa mijeledi. Paulo alipojitambulisha kuwa raia wa Rumi, wale waliotaka kumhoji wakaondoka. Kesho yake jemadari, akitaka kujua hakika, akamfungua na kumleta mbele ya baraza. Ndipo akamwandikia liwali kwamba mtu huyu hana kosa la kustahili kufa. Alichokitafuta kwa mjeledi alikipata kwa kusikiliza.

Lakini Paulo aliokolewa na uraia wake. Na asiye na kwao je? Leo Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984 hauulizi uraia. Unamlinda kila mtu, na unakataza maneno yaliyotolewa kwa mateso yasitumike kumhukumu aliyeyasema. Rwanda ilijiunga nao mwaka 2008.

Hata hivyo, katika Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Kanombe, Kigali, sajenti mstaafu François Kabayiza aliwaambia majaji kwamba aliteswa alipohojiwa. Majaji hawakulikubali dai lake. Tarehe 31 Machi 2016 akahukumiwa miaka 5. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watu 104 walioshikiliwa kinyume cha sheria katika kambi za jeshi la Rwanda kati ya 2010 na 2016, wengi wao wakiteswa. Serikali imekana shutuma za utesaji.

Wengine husema, “Bila kipigo hawasemi.” Ni kweli, aliyepigwa husema; lakini husema lile litakaloondoa maumivu. Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyehojiwa Misri mwaka 2002, alisema Iraki iliwafundisha al-Qaida silaha za sumu. Februari 2003 Marekani iliyatumia maneno hayo mbele ya Baraza la Usalama, na mwezi uliofuata vita vikaanza. Mwaka 2004 aliyakana: aliyatunga ili mateso yakome.

Ndugu, jambo hili liko hata kwetu. Simu ikipotea, kijana hukamatwa na kupigwa “mpaka aseme”. Tusifanye hivyo, wala kwa watoto wetu nyumbani. Tutafute mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15), tuwaite wazee, tumsikilize mshtakiwa.

Nawe uliyekiri usilolitenda ili upone, usijihukumu. Mungu anajua ukweli, hata kama karatasi ina sahihi yako.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Kwa nini jemadari alimfungua Paulo kabla ya kutafuta ukweli?
2. Mtu akishukiwa wizi jirani na kwetu, tufanye nini kabla watu hawajaanza kumpiga?
3. Tutamfarijije aliyerudi kutoka mateso bila kumlazimisha asimulie?