Mwezi Ukijaa, Taa Huzimwa: Somo la Utulivu kutoka Rumonge

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, lugha yetu ina methali mbili zinazogombana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa chuo anazijua zote mbili, na kila moja huitumia inapomfaa: ya kwanza anapoamshwa kwa swala ya Alfajiri, ya pili anapokimbilia basi. Somo letu la leo linauliza: ni wapi Muislamu apunguze mwendo, na ni wapi aharakishe? Tutaanza na mafundisho ya dini, kisha tutateremka hadi ufukweni Rumonge, ambako wavuvi wana desturi inayotufaa sana.

1. Haraka imo ndani yetu

Qur'ani inatufahamisha katika Suratul Israa, aya ya 11, na Suratul Anbiyaa, aya ya 37, kwamba pupa ni sehemu ya maumbile ya binadamu. Basi tusiilaumu simu peke yake. Simu haikuumba haraka. Iliikuta moyoni mwetu ikaimwagilia maji.

Dawa yake imetajwa katika kisa cha ujumbe wa Abdul Qays uliofika Madina. Wanazuoni wanasimulia kwamba wenzake Ashajj walikimbilia kumwona Mtume (s.a.w.) wakiwa na vumbi la safari. Yeye alibaki nyuma, akawafunga wanyama, akapanga mizigo, akavaa nguo nzuri, ndipo akaenda. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimsifu kwa tabia mbili anazozipenda Mwenyezi Mungu: upole na kutofanya pupa. Angalia vizuri: Ashajj hakukaa bure. Alifanya kazi ambayo wenzake waliiruka.

2. Swala ndiyo shule ya mwendo

Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyeswali mbio mbio, akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Akaambiwa arudi akaswali, kwa kuwa hakuwa ameswali. Ikawa hivyo mara tatu, hadi akaomba afundishwe. Fundisho lenyewe lilikuwa kutulia: katika rukuu, katika kuinuka, katika sijda na katika kikao. Kwa hiyo tumaanina si pambo la wacha Mungu wachache. Katika madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na wengi kwetu Afrika Mashariki, ni nguzo, na swala haisihi bila nguzo.

Tumefundishwa pia kwamba tukisikia iqama tusiende mbio. Twende kwa utulivu, tuswali tulichokidiriki, kisha tukamilishe kilichotupita. Fikiri kidogo: ikiwa hata kuiendea swala hakuruhusu kukimbia kwa fujo, ni jambo gani la chuoni linalostahili mbio zile tunazoiswalia Adhuhuri kati ya kipindi na kipindi?

3. Wavuvi na mwezi

Sasa tuteremke Rumonge, kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo watu wanaishi kwa mawese na kwa samaki, na samaki mkuu wa mnyonge ni ndagala. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta samaki juu, karibu na nyavu.

Lakini mwezi unapojaa, ziwa lote linakuwa na mwanga. Taa ya mvuvi haina nguvu tena, na samaki hutawanyika. Ndiyo maana, tangu zamani, wavuvi wa taa hupumzika kwa takriban wiki moja katika kila mwezi. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, watu hulala usiku majumbani mwao.

Ndugu yangu, usiku huo ni upi katika kalenda yetu? Ni wa tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Hizo ndizo Ayyaamul Biidh, siku nyeupe, ambazo Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Abu Dharr azifunge kila mwezi. Taa zinapozimwa ziwani, Muislamu anaitwa kufunga. Mvuvi anapumzisha nyavu, mwenye saumu anapumzisha tumbo na matamanio. Kila mwezi una mahali pake pa kusimama, na mahali hapo pamewekwa kabla mtu hajachoka.

Hili ndilo la kushika katika somo hili. Wengi wetu tunangoja mwili ugome ndipo tupumzike. Pumziko la mvuvi na la mwenye saumu limepangwa mbinguni, linaonekana kwa macho, na halingoji ruhusa ya mtu.

4. Ziwa lisipopumzishwa

Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470. Hata hivyo, samaki wake huisha wakivuliwa bila kituo. Nyavu zenye matundu madogo, na hata vyandarua vya mbu, hukusanya watoto wa samaki kabla hawajazaa. Anayevua hivyo leo anakula mtaji wa mwanawe. Kwa sababu hiyo, nchi nne zenye ziwa hili, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilikubaliana kwamba ziwa lipewe vipindi vya mapumziko. Mwaka 2024, upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Tuseme ukweli: pumziko hili lina gharama, na hailipwi na wote sawasawa. Mwenye duka anaweza kungoja miezi mitatu. Kijana anayevua kwa siku na kununua unga kwa siku hawezi. Kumhubiria subira mtu ambaye chungu chake hakijawekwa motoni, huku sisi tumeshiba, ni kumwongezea mzigo. Dini yetu imeweka saumu na sadaka pamoja: anayepunguza chakula chake amkumbuke asiyekuwa nacho. Utulivu wa kweli wa jamii ni ule unaomwachia na maskini nafasi ya kupumzika.

5. Si kila pole ni utulivu

Kukaa foleni ya mafuta siku nzima si utulivu. Ni dhiki, na thawabu yake iko katika subira. Kuahirisha kazi ya mwalimu hadi usiku wa mwisho si utulivu pia. Ni uvivu unaozaa haraka. Mvuvi anayepumzika mwezi ukijaa hushona nyavu zake. Asiyeshona atatoka na matundu giza litakaporudi.

Tena yako mambo ya kuharakishwa. Suratu Aali Imraan, aya ya 133, inatuhimiza tuukimbilie msamaha wa Mola wetu. Na imesimuliwa kutoka kwa mcha Mungu Haatim al-Asamm kwamba pupa hutoka kwa shetani isipokuwa katika mambo matano: kumlisha mgeni, kumzika maiti, kumwoza binti aliyefikia umri wake, kulipa deni na kutubia dhambi. Tazama orodha hiyo. Karibu yote ni haki za wengine. Sisi mara nyingi tunageuza: tuna haraka na tamaa zetu, na tunajivuta katika madeni yetu.

6. Kazi ya mwezi huu

Kwanza, funga siku tatu nyeupe zijazo, na usizijue kwa simu tu. Toka nje uutazame mwezi. Pili, chagua swala moja kila siku uiswali bila kuwa na miadi nyuma yake. Tatu, katika siku hizo tatu zima simu tangu Ishaa hadi Alfajiri, ushone nyavu zako: usingizi, Qur'ani, daftari lililobaki nyuma. Nne, gharama ya chakula cha mchana ulichokiacha mpe mwenye haja. Tano, lipa deni moja haraka iwezekanavyo.

Maswali ya kujadili katika darasa

1. Ni jambo gani unaliharakisha ambalo haki yake ni utulivu, na ni lipi unalichelewesha ambalo haki yake ni haraka?
2. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini kwa familia za wavuvi wakati ziwa limefungwa?
3. Kwa nini baadhi ya saumu za Sunna zimefungamanishwa na mwezi, jambo ambalo hata asiyesoma analiona?

Ewe Mola wetu, tupe utulivu katika ibada zako na wepesi katika haki za waja wako. Uwabariki wanaotafuta riziki ziwani na uwarudishe salama nchi kavu. Aamin. Wallaahu a'lam.