Mtoto hana "meno ya plastiki"

SWALI: Daktari, mwanangu ana miezi mitano. Leo ni siku ya tatu anaharisha, usiku mwili unachemka na mate yanamtoka muda wote. Mama mkwe amempapasa fizi za chini akakuta vivimbe viwili vyeupe, kimoja kila upande. Anasema ni meno ya plastiki, yasipong'olewa mtoto atakufa, na kuna bibi hapa mtaani anayang'oa. Ninachojiuliza, mtoto alizaliwa hana jino hata moja, haya yametoka wapi? Nifanye nini?
Mama wa mtoto mmoja, Dodoma

JIBU: Mama, kwa huyo bibi usimpeleke. Na hadi gazeti hili likufikie, naomba uwe umeshafika kituo cha afya, maana mtoto wa miezi mitano mwenye homa na anayeharisha siku tatu si wa kungojea majibu ya daktari wa gazetini.

Unauliza yametoka wapi. Hayakutoka popote, yalikuwemo. Taya la mtoto huanza kujitengeneza wiki ya nne tu baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Wiki ya sita mfupa wa taya la chini unaanza kushika, na karibu na wakati huohuo mbegu za meno zinaanza kujipanga ndani ya fizi. Siku unajifungua, mbegu zote 20 za meno ya utoto tayari zimo ndani ya mataya. Ya mbele huchomoza kuanzia miezi sita hivi. Chonge hukawia, mara nyingi hadi karibu mwaka mmoja na nusu, lakini mbegu yake inakua na kuusukuma ufizi muda mrefu kabla ya hapo. Alichokipapasa mama mkwe ni chonge. Kama huniamini, omba kumpapasa mtoto wa jirani wa umri huohuo, mzima, anayecheka na kunyonya vizuri. Utavikuta vivimbe vilevile.

Habari ya meno ya plastiki nimeisikia tangu nianze kazi hii, na haiko Tanzania tu. Uganda wanaiita ebiino, na huko nako watoto wanachokonolewa fizi kwa sababu hiyohiyo. Haifi kwa sababu kwa macho inaonekana kweli. Kwenye miezi minne hadi minane kinga aliyozaliwa nayo mtoto kutoka kwa mama inapungua, anaanzishiwa uji, na kila anachookota anakitia mdomoni. Lazima ataharisha. Miezi hiyohiyo ndiyo fizi zinatutumka. Watu wakayaunganisha mawili yasiyohusiana.

Halafu kuharisha kwingi kwa watoto husababishwa na virusi na huisha kwenyewe ndani ya wiki moja. Mtoto akichimbwa fizi siku ya nne, ya sita akapata nafuu, bibi anasifiwa na kuku wake anapata. Akifa, ndugu wanasema mlichelewa kumleta. Kwa hesabu hiyo bibi hashindwi kamwe!

Na hiyo plastiki? Kuna mama aliwahi kuniletea "ushahidi" ameufunga kwenye kipande cha kanga. Ndani kulikuwa na vitu viwili vyeupe, laini, vyenye utelezi, kama punje changa za mahindi. Ukibonyeza kwenye ncha unahisi kigumu kidogo, kwingine kote kunabonyea. Hivyo ndivyo jino lilivyo kabla halijakomaa: ugumu huanzia kwenye ncha na kushuka taratibu kuelekea mzizi. Yule mama alikuwa ameshika chonge mbili za mwanawe, nzima kabisa kwa umri wake.

Sasa tazama zinavyotolewa. Spoki ya baiskeli, wembe au kucha, bila ganzi, kwa mtoto ambaye tayari ameishiwa maji. Anavuja damu. Vijidudu vinaingia kwenye damu moja kwa moja. Pepopunda, virusi vya UKIMWI na homa ya ini vyote vinaweza kupita hapo, kwa sababu kifaa ni kichafu na kimetoka mdomoni mwa mtoto mwingine. Kidonda kinamzuia kunyonya, na ziwa ndilo alilolihitaji zaidi siku hiyo. Akipona, shida bado ipo: mbegu ya chonge ya ukubwani imelala palepale jirani. Kwenye miaka 10 hadi 12 unaletewa mtoto ana pengo, au chonge imeota upande, na mzazi ameshasahau habari ya bibi.

Dawa ya kuharisha ipo na ni rahisi. Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Mpe maji ya ORS ya pakiti kwa kijiko, kidogo kidogo, kila anapoharisha. Kituoni atapewa zinki, kwa umri wake miligramu 10 kwa siku, siku 10 hadi 14, na usikatishe kwa sababu choo kimekuwa kizuri. Kwa hiyo homa atapimwa malaria. Dawa za kufunga choo za dukani usimpe.

Ukiona utosi umebonyea, macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, choo kina damu, hanyonyi, amelegea au ana degedege, usingoje kupambazuke. Nimechoka kusikia "tulisema tuone kwanza". Mtoto mdogo anaweza kukauka maji kati ya jioni na asubuhi.

Mama mkwe usigombane naye. Anampenda mjukuu wake na anasema alichofundishwa. Mwombe muende wote kliniki, akamsikie nesi mwenyewe.

Na kama mtoto ameshachimbwa, mpeleke hospitali leo hiihii pamoja na kadi yake ya kliniki, waangalie na chanjo. Mwambie daktari ukweli kuhusu fizi hizo, usifiche kwa kuogopa kugombezwa, maana matibabu yake yanategemea hilo.