TAFAKURI YA LEO, RAMADHANI 15: Umechelewa? Anza na ya Leo



Mafuriko ya Kilosa ya 2009/2010 yalipoikata Reli ya Kati, kazi ya kwanza ilikuwa kutengeneza njia. Na njia ikipona, treni zilizokwama haziachiwi zote kwa mkupuo. Reli ni moja, zinapishana stesheni. Safari nyingine hufutwa kabisa, ili ya kesho iondoke kwa wakati wake.

Wewe je? Juzuu zimekupita, tarawehe hukuziona, unasema "mwaka huu basi tena". Hapana. Tengeneza njia kwanza: tubu. Usilazimishe juzuu kumi usiku mmoja ukapitiwa na usingizi, ukakosa daku na Alfajiri. Soma ya leo, leo. Saumu uliyoikosa kwa maradhi utailipa baada ya Idi.

Allah atutakabalie. Amin.