Kuitambua Injini ya Gari la Jeshi

Katika bara ya Lamu, kutoka Mpeketoni hata Mokowe, ambako wasafiri huacha magari na kupanda mashua, spea nyingi huagizwa Mombasa. Mtu akiagiza spea isiyo ya injini yake, hupoteza fedha na siku nyingi. Kwa hiyo yampasa kila anunuaye gari la kale la jeshi aijue injini yake kwa hakika.

Mfano mwema ni Land Rover, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948 na kutumiwa na majeshi ya nchi nyingi. Umbo lake halimwambii mtu injini iliyomo. Tangu mwaka 1961 zilikuwako mbili za lita 2.25, moja ya petroli na moja ya dizeli, nazo zafanana hata fundi aweza kuitoa hii na kuitia ile.

Kwanza, funua boneti. Injini ya petroli ina kabureta, na nyaya nne nene ziendazo kwenye plagi. Ya dizeli haina hizo. Ina pampu yenye vibomba vyembamba vya chuma viendavyo kwenye nozeli nne. Lakini angalia sana: katika magari ya jeshi yaliyochukua simu za upepo, nyaya za plagi hufunikwa kwa chuma, na mtu huweza kuzidhania kuwa vibomba vya dizeli. Atiaye petroli katika injini ya dizeli huiharibu pampu, kwa maana dizeli ndiyo inayoilainisha.

Pili, pangusa mafuta, usome nambari iliyogongwa katika chuma cha injini, upande wa kushoto wa gari, mbele, karibu na bomba la moshi. Tarakimu za mwanzo huonyesha aina ya injini. Jambo hili ni kubwa, kwa sababu mwaka 1980 beringi kuu ziliongezwa kutoka 3 kuwa 5, na krankshafti ya namna moja haiingii katika nyingine.

Tatu, linganisha nambari hiyo na ile ya hati ya gari. Zikitofautiana, usilipe kabla muuzaji hajaeleza sababu na kusahihisha hati.

Mwisho, iandike nambari nzima katika karatasi, nayo ndiyo ipelekwe dukani, si jina la gari peke yake.