Machunjua: usikimbilie kugandishwa

*Shangazi, mimi ni Mkenya, nauza nguo soko la Konyo Konyo, Juba. Nina machunjua matatu vidoleni na jingine kisigino linalouma nikisimama. Mashavuni nimeota vipele vidogo vyeusi, kama vya mama yangu. Wateja wengine wanasita kupokea chenji mkononi mwangu. Rafiki anasema Kampala wanayagandisha, unapona mara moja. Nimeweka akiba ya nauli. Niende?*
— Mama Duka, Juba

Mwanangu, usipande basi bado.

Dawa hiyo ni naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inaua ngozi yenye kirusi, malengelenge yanatokea, kisha chunjua linabanduka. Lakini mara moja haitoshi. Kwa kawaida hurudiwa kila wiki mbili au tatu, na kila safari ni nauli, chakula na siku za duka kufungwa.

Tena nyayoni haishindi dawa ya bei nafuu. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha watu 240 wenye machunjua ya nyayo: waliogandishwa na waliojipaka asidi ya salisiliki walipona sawa, asilimia 14 kwa wiki 12. Kwa hiyo ulizia asidi hiyo famasi. Kila jioni loweka mguu au kidole katika maji ya uvuguvugu, sugua taratibu ngozi iliyokufa, paka Vaseline kuzunguka chunjua, kisha weka dawa juu yake tu. Endelea wiki 12. Jiwe la kusugulia liwe lako peke yako. Mchana funika vidole kwa plasta, nawe hutaona haya mbele ya wateja. Ila kama una kisukari au mguu umekufa ganzi, usiitumie bila daktari.

Vipele vya mashavuni ni jambo jingine. Ukiwa umevirithi kwa mama, yaelekea ni vile visivyo na madhara ambavyo watu weusi wengi huota usoni. Hivyo usiruhusu vigandishwe: chembe zinazotupa rangi hufa kwa baridi kabla ya nyingine, na doa jeupe laweza kubaki usoni miaka, hata maisha. Wembe na maji ya betri, hapana kabisa. Wala usimwendee mtu wa mifugo mwenye chupa ya naitrojeni ya kuhifadhia mbegu za fahali. Mkono usio na ujuzi huunguza hadi kwenye neva.

Kabla ya dawa yoyote, mtu mwingine akuangalie nyayo na kucha kwenye mwanga. Doa jeusi linalotanuka, linalovuja damu au lisilopona huenda si chunjua. Bob Marley alianza na doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Lilikuwa saratani, akafa 1981 akiwa na miaka 36. Ukiliona, nenda Hospitali ya Mafunzo ya Juba wiki hii hii. Machunjua yakizuka mengi kwa haraka, pima VVU pia: mwili uliodhoofika huyapa nafasi.

Wiki 12 zikipita bila nafuu, hapo nauli itumie kumwona daktari wa ngozi, akugandishe vidole na kisigino tu.