Kujifunza Chakula Kigeni: Polepole au kwa Ghafula?

Tangu zamani chakula cha Mturkana ni kile kitokacho katika mifugo yake, yaani maziwa, nyama na damu, pamoja na matunda ya porini kama koma. Siku hizi maduka ya Lodwar na Kakuma huuza unga wa mahindi, maharagwe na sukari. Je, yafaa mtu abadili chakula chake kwa ghafula, au kidogo kidogo?

Historia ya nchi hiyo yatufundisha. Katika ukame wa 1980, watu wengi waliofiwa na mifugo walikwenda makambini wakagawiwa nafaka. Hao walibadili chakula kwa ghafula kwa kuwa hawakuwa na hiari. Njaa ndiyo iliyokuwa mwalimu wao, nayo ni mwalimu mkali. Huko Kakuma mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, Waturkana wa jirani wamekuwa wakiwauzia wakimbizi kuni, makaa na mbuzi, na kupata nafaka na maharagwe. Hivyo chakula kigeni kiliingia sufuriani kwa njia ya biashara, kipimo kwa kipimo. Bandu bandu huisha gogo.

Mwili nao una sababu zake. Katika maharagwe mna aina ya sukari ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Sukari hiyo hufika katika utumbo mpana ikachachishwa na vijidudu, na mtu asiyezoea hujaa gesi, akasema chakula hiki ni kibaya. Akianza kwa kiasi kidogo, kwa kawaida tumbo huzoea baada ya majuma machache.

Basi mama wa nyumba na afanye hivi. Kwanza, aloweke maharagwe usiku kucha, amwage maji yale, kisha ayapike katika maji mapya hata yalainike kabisa. Gesi itapungua, na kuni pia. Pili, aanze na vijiko vichache pamoja na mahindi, akiongeza kila juma. Tatu, asiache maziwa kwa sababu amepata unga. Uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo, lakini haujengi mwili wa mtoto; ukitiwa maziwa huwa chakula chema. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, ndipo aonjeshwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya.

Liko jambo moja ambalo haraka yaweza kuua. Mtoto aliyekondeshwa sana na njaa asishibishwe kwa mara moja, maana chumvi za damu yake zaweza kushuka ghafula na moyo ukasimama. Apelekwe hospitali upesi. Huko, akiwa mgonjwa sana, hupewa kwanza maziwa maalum mepesi, kidogo kidogo, usiku na mchana, na baadaye yale yenye nguvu zaidi.

Kwa hiyo, wakati bora wa kujifunza chakula kigeni ni majira ya mvua, mbuzi na ngamia wanapokamuliwa. Aliyezoea maharagwe wakati wa shibe hatayaonea ugeni siku ya ukame, na watoto wake hawatakikataa chakula kinachoweza kuwaokoa.